Gego la Mwisho

Huu ni mwaka wa kumi na tisa tangu nile kiapo
kutafsiri bila kutia chumvi wala maji.
Mahakama ya Malindi, chumba cha tatu,
feni huzunguka inapokumbuka.
Jamhuri dhidi ya Jumwa wa Tsofa,
mwenye mangwe, Muyeye.

Shtaka la kwanza, kuuza pombe bila leseni.
Anayo. Kaileta ndani ya fundo la leso,
imekunjwa hata muhuri umefutika mikunjoni.
Muda wake ulikwisha Jumatatu,
askari walikuja Jumanne.
"Nilikwenda ofisini mara nne," asema kwa Kigiriama,
"nikaambiwa mwenye kutia saini yuko semina."
Natafsiri. Semina ni semina kwa lugha zote.

La pili, kuuza kabla ya saa kumi na moja jioni.
Hapo sina kazi. Ameinamisha kichwa,
na hakimu anajua kuandika kichwa.

La tatu ndilo lililojaza mabenchi:
kumpa pombe aliye chini ya miaka kumi na minane.
Mwenyewe yule, kando ya mlango,
Ngowa, nyayo ngumu kama kwato,
kifua kimechunwa na magome.
Tangu darasa la sita yuko juu ya minazi,
alfajiri na jioni, kibuyu kiunoni.
Pombe anayodaiwa kupewa
aliiteremsha yeye.

Koplo: "Nilimkuta na kata mdomoni."
Jumwa: "Mgema asipoonja atajuaje kama imechacha?
Wamshike na mpishi, kaonja mchuzi."
Watu wakacheka. Nikatafsiri na tabasamu,
nikaonywa.

Likaletwa dumu, kielelezo nambari moja.
Hati inasema lita ishirini.
Dumu linasema saba.
"Joto la stoo, mheshimiwa," koplo akasema. "Mnazi hupungua."
Mgema huyu hajasifiwa na mtu yeyote,
na tembo lake limekwisha tiwa maji.
Kifuniko kikafunguliwa: siki.
Karani akaziba pua.
"Hiyo sasa," Jumwa akasema, "ni ya kachumbari."
Hilo nililitafsiri polepole,
neno kwa neno, kwa raha.

Cheti cha kuzaliwa hakipo.
Mama yake akaapa: kazaliwa mwaka
Sabaki ilipoingia jikoni kwa Mwambire.
Mwaka gani huo?
"Ule wa pili. Wa kwanza ilifika uani tu."
Hakimu aliinua kalamu, akaishusha.
Sheria haina kalenda ya mto.

Basi kijana akapelekwa hospitali kuu,
akaambiwa afumbue kinywa.
Ripoti ni mistari miwili:
gego la mwisho, chini kulia, limechomoza nusu;
umri, kati ya kumi na sita na kumi na tisa.
Nusu iliyo juu ya ufizi
inaweza kukaa mangwe hadi saa tano usiku.
Nusu iliyo chini ni mtoto,
na kwa ajili yake Jumwa atafungwa.

Nami nimesimama hapo, tai shingoni,
nikimkumbuka wangu, wa kidato cha tatu,
Jumamosi ile upande wa Casuarina:
leseni ndani ya fremu, taa ya buluu juu yake,
bia baridi kwa majirani wa meza waliomzidi miaka arubaini,
na gari la polisi langoni, dereva akicheka na bawabu.
Saa tisa usiku nilimfungulia mlango,
nikamwekea ndoo kando ya kitanda.
Hakuna aliyemtazama meno.

Kesi imeahirishwa.
Ngowa akaniinamia, akaninong'oneza kikwetu:
"Waambie makarara yasipochongwa leo jioni yatafunga.
Nani anakwenda kupanda?"

"Anasema nini?" hakimu akauliza.

Nikameza mate.
"Anauliza tarehe, mheshimiwa."